Kufuata mstari kwa miguu, kutoka Sake mpaka Walikale

Wapendwa wa promosyo zote, leo nawaletea mchezo. Kanuni ni moja: chagua mstari unaouona chini, iwe ukuta, safu ya miti ama ukingo wa mawe, uufuate kwa miguu mpaka uishe, halafu uulize nani aliuchora.

Wengine walicheza mbele yetu. Miaka ya 1950 Guy Debord na marafiki zake walizunguka Paris bila safari maalum, wakiacha mitaa iwavute. Mwaka 1967 Mwingereza Richard Long alienda na kurudi juu ya majani mpaka njia ikaonekana, akaipiga picha. Ile picha inahesabiwa kuwa sanaa. Sisi wa agronomia tulifundishwa transekti: kukata kijiji moja kwa moja, toka bondeni mpaka mlimani, ukiandika udongo, mazao na maji. Tofauti ni kwamba profesa alitaka ripoti.

Tuanze Sake. Ule mji uko na umbo la njia panda: huku Goma, huku Minova na Bukavu, huku Kitshanga, huku kupanda Masisi-Centre. Ukifika toka Goma, fuata mawe meusi. Mchoraji wake ni Nyamulagira: mlipuko wa 1938 mpaka 1940 ulisukuma lava ndani ya ziwa Kivu, karibu uifunge kabisa ghuba ya Kabuno. Pale hakuna wa kushitaki.

Kule juu Masisi ni mambo mengine. Mikaratusi imepangwa, waya wa miba umenyooka: hapa kuna mkono wa mtu. Mwaka 1928 wakoloni waliunda Comité National du Kivu, wakaipa uwezo wa kugawia walowezi ardhi. Kuanzia 1937, Mission d'Immigration des Banyarwanda ikaleta familia toka Rwanda na kuzipanga Gishari. Wazee wenyeji hawakuwa na kalamu mezani. Halafu ikaja 1973: mwezi wa saba sheria ikasema udongo wote ni wa Serikali, mwezi wa kumi na moja Mobutu akatangaza zaïrianisation, na plantesheni za wageni zikapewa watu wenye kujulikana juu. Jina kwenye karatasi likabadilika, mstari ukabaki.

Tembea kando ya ule waya. Upande mmoja ng'ombe wanalala ndani ya majani mapana. Upande mwingine maharagwe yamebanana kwenye mteremko, na kila mvua inashuka na udongo. Mwenye kulima pale anajua vizuri kwamba shamba linamkimbia, lakini aende wapi?

Walikale nitapita mbio. Pale Kilambo, kipande cha lami kilifanywa uwanja: ndege zilitua barabarani kuchukua kasiteriti ya Bisie na kuipeleka Goma. Barabara ya watu ikawa mstari wa madini.

Kama mnataka kucheza, anzeni kwa kumsalimia chifu, na muulize kwanza kama njia iko salama. Mita muache nyumbani. Kwetu Masisi, kijana mwenye kutembea polepole kando ya waya na daftari mkononi, mama wa shambani anamuona kama mpimaji. Atasimamisha jembe na kukuuliza: "Mwanangu, nani amekutuma?"