Kabete: Jina Lililosafiri Ndani ya Chupa

Kuna wataalamu wa chanjo wasiowahi kukanyaga Kenya, na kwao Kabete si mtaa wa magharibi mwa Nairobi wala kituo cha matatu. Ni kirusi. Virusi vya sotoka vilivyopatikana kwa ng'ombe wa hapa karibu na 1910 vilipewa jina "Kabete O". Nusu karne baadaye Walter Plowright, akifanya kazi Muguga, mwendo mfupi tu kutoka hapa, alivikuza mara 90 hivi katika seli za figo za ndama hadi vikaishiwa makali. Chanjo ikapatikana. Sotoka, iliyowafukarisha Wamaasai miaka ya 1890, ilithibitishwa mara ya mwisho 2001 kwa nyati wa Meru, na mwaka 2011 ikatangazwa kuwa imetoweka duniani.

Hadithi hiyo haikosi kwenye sherehe, na inastahili. Lakini maabara ya mifugo ya Kabete haikuanza kwa kutafuta sifa. Ilianza kwa swali la kila mfugaji: mnyama wangu amekufa na nini?

Mwaka 1910 mtafiti wake, Eustace Montgomery, alikuwa akichunguza kondoo waliokuwa wakiharisha na kufa. Akaonyesha kuwa mbebaji ni kupe, na ugonjwa ukabaki na jina la Nairobi, heshima ambayo jiji halikuiomba. Nguruwe wa walowezi nao walikufa karibu wote. Taarifa aliyoitoa 1921 ndiyo ya kwanza kueleza homa ya nguruwe ya Afrika, na tayari alimshuku ngiri. Mwaka 1930 zamu ikawa ya wana-kondoo karibu na Ziwa Naivasha. Robert Daubney na wenzake waligundua kwamba kundi likipandishwa nyanda za juu, vifo hukoma. Kumbe mbu. Watafiti wenyewe waliugua, na ndivyo ilivyojulikana kuwa Homa ya Bonde la Ufa haibagui mtu na mnyama. Iliporudi Garissa mwishoni mwa 2006, haikuhitaji kutambulishwa.

Kutengeneza chanjo kulihamia taasisi ya chanjo za mifugo, KEVEVAPI, mwaka 1990. Kabete ikabaki na upimaji, ikisaidiwa na maabara za mikoani kama Mariakani, Karatina, Nakuru, Kericho na Garissa. Kazi yenyewe haina makelele. Tone la damu kutoka ncha ya sikio hutandazwa kwenye kioo hadi liwe jembamba kama utando, likaushwe, lipakwe rangi ya Giemsa, kisha hadubini. Ndigana kali huhitaji pia majimaji ya tezi iliyovimba chini ya sikio, maana dalili za awali zimo kwenye seli nyeupe: vidoa vya buluu vilivyotawanyika kama mtama. Ng'ombe akitupa mimba, seramu yake huchanganywa na tone la rangi ya waridi. Chengachenga zikitokea, bruselosi inashukiwa na kipimo kingine hufuata. Mnyama aliyekufa ghafla huku damu ikimtoka puani hapasuliwi kabisa, kwani kimeta kikipata hewa hujenga mbegu zinazoweza kukaa ardhini miaka na mikaka. Mfugaji aliyekwisha gawa nyama ndiye mwenye maelezo magumu zaidi.

Sampuli mbovu huudhi kuliko ugonjwa. Damu iliyopikwa na jua njiani, chupa isiyoandikwa jina la mnyama, kipande cha ini kilichooza ndani ya mfuko wa sukari: hapo mashine ya bei yoyote haisaidii.

Kichwa cha mbwa ndicho hakiwekwi foleni. Hufika katika ndoo ya barafu, kimefungwa mifuko miwili. Kipande cha ubongo hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi maalumu, na chini ya mwanga wa hadubini virusi vya kichaa cha mbwa hung'aa kijani. Aliyeumwa haambiwi angoje majibu ndipo achanjwe. Lakini pale kijijini kuna wengine waliolambwa, na watoto waliocheza na mbwa huyo juzi.