Karatasi Ilivyowafikia Wanakili wa Siyu

Aliyetaka kitabu katika nchi za Kiislamu kabla ya karatasi kuenea alihitaji ngozi za mifugo mingi, au mafunjo kutoka Misri. Mji wa Samarkand, Asia ya Kati, uliojifunza kutengeneza karatasi kwa Wachina, ulionyesha njia nafuu zaidi. Matambara ya kitani yalilowekwa, yakapondwa hadi yakawa rojo, rojo likachotwa kwa chekecheo na kuanikwa. Kisha kila karatasi ikapakwa wanga na kusuguliwa kwa jiwe laini ili kalamu iteleze. Mwishoni mwa karne ya 8 ufundi huo ulikuwa umefika Baghdad, na karne iliyofuata mwanahistoria al-Ya'qubi aliandika kwamba soko la warraqin, waliouza karatasi na kunakili vitabu, lilikuwa na maduka zaidi ya 100. Ibn al-Nadim, aliyekuwa wa kazi hiyohiyo, alikusanya mwaka 987 orodha ya vitabu vya Kiarabu alivyovijua, al-Fihrist. Orodha ya namna hiyo haiwezi kutungwa mahali ambapo vitabu vimefungiwa katika kasri la mtawala.

Wapo watakaosema elimu ya Kiislamu ilikaa vifuani, si vitabuni, na kwamba karatasi inasifiwa kupita kiasi. Ni kweli Kurani ilihifadhiwa kwa moyo, na hadithi zilipokewa mdomo kwa mdomo. Lakini majedwali ya nyota na hesabu za mwanahisabati al-Khwarizmi hayahifadhiki kifuani bila kupotoka. Hata katika hadithi, mwanafunzi aliandika alichosomewa kwa imla, akakisoma mbele ya mwalimu, na ijaza, yaani idhini ya kukifundisha, ikaandikwa juu ya nakala yake. Karatasi haikumng'oa mwalimu. Ilimwezesha mwanafunzi kuondoka na somo lake na kwenda kulifundisha mji mwingine.

Pingamizi zito zaidi linatoka pwani yetu wenyewe, ambayo haikujulikana kwa kutengeneza karatasi. Hata hivyo, katika karne za 18 na 19, Siyu, kisiwani Pate, palikuwa na wanakili waliotoa misahafu yenye nakshi za wino mwekundu, mweusi na wa manjano, katika mji uliosifika pia kwa kazi za ngozi. Karatasi zao zilitoka Ulaya, hasa Italia, nchi iliyojifunza ufundi huo kwa Waislamu, na ambayo viwanda vyake vilitia alama ya hilali tatu katika karatasi za kuuza Mashariki. Katika kisiwa hichohicho, Utendi wa Tambuka, shairi refu la Kiswahili, hutajwa kuwa wa mwaka 1728. Kwa hiyo kilichohitajika si kinu cha karatasi. Ilitosha karatasi inunulike, na wawepo mnakili na chuo cha kumpa wasomaji.

Ukambani unathibitisha hilo kwa upande wa pili. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 misafara ya Akamba ilipeleka pembe za ndovu Mombasa na kurudi na nguo na shanga. Karatasi ilikuwa bandarini, lakini haikupanda nao kuwa vitabu, kwa sababu bara hapakuwa na chuo cha kuihitaji. Sheria na historia zilishikwa na wazee kwa kauli. Mwaka 1850 mmisionari Ludwig Krapf, aliyeishi Rabai, alichapisha Injili ya Marko kwa Kikamba huko Tübingen, Ujerumani. Kituo cha kwanza cha shirika la kimisionari la Africa Inland Mission kilifunguliwa Nzaui mwaka 1895, miaka 45 baadaye, na madarasa ya kusoma yakafuata.