Nani Ndiye Mwenye Laptopu Yako? Historia Fupi ya Windows Zinazogoma Kupanda

Usiku wa tarehe 14 Oktoba 2025 watu wengi walilala bila kujua kuna kitu kimekwisha. Siku hiyo Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10. Mimi nilijua vizuri sana, kwa sababu saa sita usiku nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda, laptopu mapajani, nikiangalia skrini ya buluu inayonidai nambari 48 ambazo sijawahi kuziona maishani.

Wacha nirudi nyuma kidogo. Laptopu yenyewe ni ex-UK. Mnazijua. Zikishachokwa kwenye maofisi ya huko zinapakiwa, zinafika Nairobi, zinapanguswa vumbi na kupangwa kwenye vioo katikati ya jiji. Yangu niliinunua 2022, mwaka ule ule nilioacha chuo. Mamangu alipouliza sasa nitafanya nini na maisha, nilimwonyesha laptopu. Hilo ndilo lilikuwa jibu langu lote. Tangu hapo imelipa kodi ya nyumba, imelipa stima, na kuna mwezi imelipia dadangu karo.

Ndani yake kulikuwa na kitu kingine. Saa tano za sauti ya shosho akisimulia maisha yake. Nilimrekodi Desemba akichambua maharagwe, na mara kwa mara anakatiza hadithi kuuliza kama hicho kisimu bado kinamsikia. Aprili akatuacha. Sauti hizo zilikuwa mahali pamoja tu duniani. Ndiyo, najua. Msinipigie kelele, nimeshajipigia.

Kwa hivyo hii ni post ya historia, lakini ni historia niliyoitafuta nikiwa na hasira. Nilitaka kujua mashine niliyonunua kwa pesa zangu ilipata wapi nguvu ya kunifungia mlango.

Wakati Windows ilikuwa inangoja ruhusa yako

Cyber ya kwanza niliyowahi kuingia, nikiwa mtoto, ilikuwa na Windows XP. Ile picha ya kilima cha kijani na mawingu. XP ilitoka Oktoba 2001, na Microsoft iliihudumia mpaka tarehe 8 Aprili 2014. Miaka kumi na miwili na zaidi! Enzi hizo kupanda toleo jipya lilikuwa jambo la kuamua: ununue CD, au umpate jamaa mwenye CD, uiweke mwenyewe. Usipotaka, basi. Hakuna mtu angekuja kukugongea.

Shida ikaanza na Vista, Januari 2007. Kabla haijatoka, kompyuta zilikuwa zinauzwa Marekani zikiwa na kibandiko cha kuahidi kwamba zitaiweza. Watu wakanunua. Kufika nyumbani wakagundua nyingi ziliweza lile toleo la chini kabisa tu, bila ule urembo uliokuwa kwenye matangazo. Wakaenda kortini mwaka huo huo. Kwenye kesi hiyo barua pepe za ndani za Microsoft zikaanikwa, na ikajulikana kwamba hata wakubwa wa kampuni walikuwa wamelalamika. Mmoja alisema laptopu yake ya dola 2,100 sasa ilimfaa kwa barua pepe tu.

Kumbuka hicho kibandiko. Hapo ndipo swali liligeuka. Zamani uliuliza, "Je, nataka Windows mpya?" Sasa Windows ndiyo inauliza, "Je, nakutaka wewe?"

Wakati iliacha kungoja

Tarehe 29 Julai 2015 Windows 10 ikatoka, bure kwa mwaka mmoja kwa wenye Windows 7 na 8.1. Bure ni tamu. Lakini ikaja na dirisha la kukukumbusha, na kukukumbusha, na kukukumbusha. Mashine nyingine zilianza kupakua faili za Windows 10 kimyakimya, gigabaiti kadhaa, kabla mwenyewe hajasema ndiyo. Mtu wa London mwenye intaneti ya mwezi mzima huenda asijue. Sisi wa bando tunajua. Unalala na bando la wiki, unaamka huna hata ya kufungua WhatsApp.

2016 mambo yakazidi. Ukibonyeza ile X nyekundu ya kufunga dirisha, ambayo tangu tuzaliwe maana yake ni "sitaki", mashine ilichukulia kwamba umekubali ratiba ya kupanda. Mwanamke mmoja wa California mwenye biashara ndogo ya usafiri aliishtaki Microsoft baada ya kompyuta yake kujaribu kupanda, ikashindwa, ikabaki inakwama. Alishinda, akalipwa dola 10,000.

Halafu Oktoba 2018. Sasisho kubwa la Windows 10 lilitoka tarehe 2, na ndani ya siku chache kampuni ikalisimamisha kwa sababu baadhi ya watu walikuwa wanapoteza faili zao. Picha, hati, vyote vimefutika. Lilirudishwa katikati ya Novemba. Kwa hivyo ukisikia fundi anakuambia, "Kijana wangu, usiwe wa kwanza," ujue hakutishi. Anakumbuka.

Nambari za hitilafu si matusi

Hapa wacha nisimame, kwa sababu nimeona wengi wakiona 0x-nini-nini wanafunga laptopu na kwenda kumlipa mtu. Mimi pia nilikuwa hivyo.

Windows ikipanda hupitia hatua nne. Kwanza inapakua na kukagua mashine ukiwa bado unaitumia. Pili inajizima na kuingia kwenye mfumo mdogo wa muda, na huko inaweka faili mpya. Tatu inawaka mara ya kwanza kama Windows mpya. Nne inawaka mara ya pili kumalizia. Ikikwama popote inajaribu kurudi ilikotoka, na ndiyo maana unangoja saa mbili halafu unajikuta pale pale ulipoanzia.

Nambari inakuambia ilikwama wapi. 0x80070070 ni nafasi: diski imejaa. Laptopu nyingi za mtumba zimebadilishwa diski zikawekwa SSD ndogo, kwa hivyo hii ndiyo ya kwanza kutazama. 0xC1900101 mara nyingi ni drayva, yaani ile programu inayounganisha Windows na kadi ya Wi-Fi, sauti au skrini. Chomoa kila kitu cha USB, sasisha au ondoa drayva za zamani, jaribu tena. Baada ya hiyo nambari kuna kistari na nambari ya pili. Ikianza na 0x2 ilikufa kwenye ule mfumo wa muda, 0x3 ilikufa kwenye kuwaka kwa kwanza, 0x4 kwa pili. 0x800F0922 mara nyingi ni kile kipande kidogo cha diski ambacho Windows imejitengea, nacho kimejaa.

Lakini pia nambari hudanganya. Januari 2024 Microsoft ilitoa sasisho KB5034441 la kuziba tundu la usalama, na mashine nyingi zikalikataa kwa nambari 0x80070643. Maelezo ya nambari hiyo hayakusema chochote cha maana. Ukweli ni kwamba sasisho lilihitaji megabaiti 250 za nafasi kwenye kile kipande cha diski cha dharura, na nyingi hazikuwa nazo. Mwanzoni suluhisho rasmi lilikuwa mtu wa kawaida aandike amri mwenyewe na kukata diski upya. Fikiria umwambie mwenye M-Pesa wa mtaani akate diski upya kati ya wateja wawili.

Mlango wenye kufuli

Windows 11 ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021 na masharti ambayo Windows haikuwahi kuweka hivyo. Chipu ya usalama iitwayo TPM, toleo 2.0. Prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane, ambacho kilianza kuuzwa 2017, na chache tu za kizazi cha saba zikapenyezwa.

Tuwe wakweli: TPM si ujinga. Inaweka funguo za siri ndani ya chipu yenyewe, kwa hivyo mwizi akichomoa diski yako na kuiweka kwenye mashine nyingine hapati kitu. Kwa sisi ambao laptopu inaweza kuondoka na mtu kwenye matatu, huo ni ulinzi wa kweli.

Lakini angalia ni nani ameachwa nje. Yangu ni ya kizazi cha sita. Inahariri video kila siku, haijawahi kulia. Ofisi iliyoitumia kwanza ilishanunua nyingine bila maumivu. Anayeambiwa "huwezi" ni mtu wa tatu kwenye foleni, yule aliyeinunua kwa sababu mpya hawezi. Mimi naita hiyo kodi ya mtumba. Hakuna mtu aliipitisha bungeni lakini tunailipa.

Sasa ile skrini ya buluu

Kikaguzi cha Microsoft kiliniambia nina TPM 1.2. Nikaona video: kuna laptopu ambazo unaweza kubadilisha programu ya chipu ikawa 2.0, lakini kwanza uifute chipu. Nikaingia kwenye BIOS, nikaifuta. Jamaa kwenye video hakusema jambo moja, au alisema nikaliruka: ukiwa umewasha BitLocker, ufunguo wa diski yako unakaa kwenye hiyo chipu. Nilikuwa nimeiwasha mwenyewe mwaka uliotangulia, nikaiambia ihifadhi nakala ya ufunguo kwenye akaunti ya Microsoft, nikasahau.

Sasa, akaunti ya nani? Jamaa aliyeniuzia ndiye aliyeifungua siku ile dukani ili nitoke haraka. Mimi nilijua PIN tu. Miaka mitatu nimeingia kwa PIN kwenye akaunti ambayo sijui hata nenosiri lake.

Asubuhi nilikuwa mlangoni pa duka kabla hajafungua. Nikamwambia, "Kaka, nisaidie, nitakulipa." Akacheka, akanikumbuka, au alijifanya. Akatoa daftari la kurasa mia mbili limejaa anwani na nenosiri za wateja, kwa mkono, kwa kalamu. Tukatafuta dakika arobaini. Akaunti yangu alikuwa ameifungua kwa jina la modeli ya laptopu na tarehe. Tukaingia, na nambari 48 zikatokea. Nikazisoma moja moja, yeye akibonyeza. Laptopu ikafunguka.

Kitu cha kwanza nilichofungua ni shosho. Akauliza kama hicho kisimu bado kinamsikia. Jamaa wa duka akageuka akajifanya anapanga chaja.

Hakutaka pesa. Lakini nilitoka pale nikiwa na baridi kidogo, kwa sababu funguo za laptopu za mtaa mzima ziko kwenye daftari moja la karatasi. Na lau asingekuwa mwaminifu kiasi cha kuliandika, singepata chochote.

Nilichojifunza

Historia hii yote, kuanzia kibandiko cha Vista mpaka TPM, ni ya ufunguo kutoka mkononi mwako polepole. Sehemu moja walituchukulia. Sehemu nyingine tuliwapa wenyewe kwa sababu tulikuwa na haraka. Mimi nilikuwa na haraka.

Kwa hivyo kabla hujagusa chochote. Moja, nakili faili zako mahali pawili, na pamoja pawe nje ya laptopu. Mbili, fungua mipangilio uone akaunti ni ya nani; kama si yako, fungua yako leo. Tatu, kama BitLocker imewaka, andika zile nambari 48 uziweke na kitambulisho chako. Nne, usifute chipu kwa sababu ya video. Hata yangu.

Na kama mashine yako imekataliwa, haijafa. Microsoft yenyewe inatoa masasisho ya usalama ya Windows 10 kwa watu binafsi mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti yako. Njia nyingine ni Linux, iliyoanzishwa na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, mwaka 1991. Ubuntu, tawi lake maarufu, ilitoka Oktoba 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni lile lile neno letu la utu. Kwa miaka kadhaa walikuwa wanatuma CD bure kwa posta popote duniani. Mimi nimeweka Linux Mint, inayojengwa juu ya Ubuntu. Kuhariri video kulinisumbua wiki mbili, sasa kunaenda.

Jambo la mwisho. Ukiweka Linux kwenye flashi unaweza kuwasha laptopu ambayo Windows yake imegoma, ukatoa faili zako bila kugusa kitu kingine, mradi diski haijafungwa kwa BitLocker. Nimeshamtolea rafiki yangu picha za harusi ya dadake hivyo. Flashi hiyo sasa iko kwenye mfuko wa begi langu kila siku.

Sauti za shosho ziko mahali patatu. Nakala moja anayo mamangu kwenye simu, na husikiliza akipika.