Mechi Sita Bila Bao: Namungo na Msimu wa Afrika wa 2021

Kundi D la Kombe la Shirikisho Afrika, msimu wa 2020/21, lilimalizika hivi: Raja Casablanca ya Morocco pointi 18, Pyramids ya Misri 12, Nkana ya Zambia 6, na Namungo ya Ruangwa, mkoani Lindi, sifuri. Namungo ilicheza mechi sita, ikafungwa zote sita, ikaruhusu mabao tisa na haikupata hata moja. Anayeusoma msimamo huo peke yake atasema timu hii iliburuza mkia, na atakuwa amesema kweli. Lakini hakuna klabu ya mkoa wa Lindi iliyokuwa imewahi kufika hapo. Kwa maoni yangu msimu huu wa vipigo unastahili nafasi katika historia ya Kusini mwa Tanzania kuliko misimu mingi ya ushindi, na unastahili kuandikwa sasa, wakati waliouona bado wapo.

Ukanda huu haukuchelewa kuujua mpira, na kisa chake kinaanzia mbali. Karne ya 19 watu wengi waliokamatwa bara walipitishwa Kilwa Kivinje na kuuzwa Zanzibar. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliteremka Lindi na kundi la watu waliokuwa wameachiwa huru utumwani, wakapanda hadi Masasi na kuanzisha makazi yao. Shule ya misheni ya Steere kule Kiungani, Zanzibar, ni miongoni mwa mahali pa mwanzo kabisa katika pwani yetu ambapo vijana wa Kiafrika walicheza kandanda. Kilichokuwa kigumu kwa Kusini ni barabara. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri wa Dar es Salaam aliuvuka Mto Rufiji kwa kivuko, na hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kuwatesa watu kila masika. Timu iliyotaka kucheza ligi ya taifa kutoka Lindi ilipaswa kubeba gharama ya umbali huo msimu mzima. Wapenzi wa mpira wa Kusini bado wanaitaja timu ya Kariakoo ya Lindi. Baadaye matumaini ya ukanda yalihamia kwa jirani, Ndanda ya Mtwara, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2014.

Namungo ilipanda mwaka 2019, pamoja na Polisi Tanzania. Jina lake limetoka Namungo, eneo la machimbo wilayani Ruangwa. Uwanja wake unaitwa Majaliwa, kwa heshima ya Kassim Majaliwa, mzaliwa wa wilaya hiyo, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa na Waziri Mkuu wa nchi. Si siri kwamba klabu iliyo karibu na kiongozi mkubwa hupata milango ambayo wengine huigonga kwa miaka. Hilo nalikubali. Ila ukaribu haufungi mabao, na katika msimu wake wa kwanza kabisa Namungo, ikiwa na Reliants Lusajo na Mrundi Bigirimana Blaise mbele, ilimaliza ya nne nyuma ya Simba, Yanga na Azam. Msimu huo huo Ndanda ilishuka daraja. Kusini ikabaki na timu moja, nayo ilikuwa mgeni wa mwaka mmoja.

Tarehe 2 Agosti 2020, katika Uwanja wa Nelson Mandela mjini Sumbawanga, Namungo ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la nyumbani dhidi ya Simba. Simba ilitangulia kwa mabao mawili, Edward Manyama akarudisha moja kipindi cha pili, na mechi ikaisha 2-1. Kwa kuwa Simba, mabingwa wa ligi, walikuwa wanakwenda Ligi ya Mabingwa, nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikaangukia kwa waliofungwa fainali. Safari yote ya Afrika ilianzia kwenye kipigo.

Hatua za awali zilikwenda vizuri kuliko wengi walivyodhani. Al Rabita ya Sudan Kusini ilitolewa. Al Hilal Obeid ya Sudan ilifungwa 2-0 Dar es Salaam, na marudiano kwao yakaisha 3-3. Kocha Hitimana Thierry, Mnyarwanda aliyeifikisha timu nafasi ya nne, alikuwa ameondoka, na benchi likashikwa na Hemed Suleiman, ambaye wote tunamwita Morocco.

Kisha ikaja Luanda. Februari 2021 Namungo ilisafiri kuikabili Primeiro de Agosto. Mamlaka za Angola zikasema baadhi ya watu katika msafara wamekutwa na virusi vya korona na kutaka wawekwe karantini. Mechi haikuchezwa. Kwa siku kadhaa habari za timu zilihusu vipimo, hoteli na barua kwenda Shirikisho la Soka Afrika (CAF), na hakuna aliyezungumzia tena mpira wenyewe. CAF iliamua mechi zote mbili zipigwe Dar es Salaam. Tarehe 21 Februari, katika uwanja wa Chamazi jijini humo, Namungo ikashinda 6-2. Siku nne baadaye ikafungwa 3-1, na jumla ikawa 7-5. Naona mechi hizo mbili zinaieleza timu hii kuliko zote: kikosi kilichotoka kwenye adha kikafunga mabao sita, na siku chache baadaye kikamaliza dakika 90 kikiulinda mtaji kwa pumzi ya mwisho. Kikosi chenye wachezaji wachache wa kubadilishana, kinachodaiwa viporo vya ligi huku kikisafiri Afrika, kilikuwa kimetoa karibu kila kilichokuwa nacho kabla makundi hayajaanza.

Makundi yalianza Casablanca tarehe 10 Machi, na Raja ikashinda 1-0. Tarehe 17 Machi Pyramids ilikuja Dar es Salaam ikashinda 2-0. Usiku huo huo taifa likatangaziwa kifo cha Rais John Magufuli, na mechi ile ikazama katika msiba. Aprili zikaja mbili za Nkana, kwanza Zambia na kisha Dar es Salaam, kila moja ikaisha 1-0. Hizo ndizo zinazouma hadi leo, kwa sababu pointi zote sita za Nkana katika kundi zima zilitoka kwa Namungo. Raja ilishinda 3-0 Dar es Salaam ndani ya Ramadhani, na Pyramids ikafunga hesabu kwa 1-0 kule Misri tarehe 28 Aprili.

Zihesabu upya. Vipigo vinne kati ya sita vilikuwa vya bao moja, vitatu kati yake ugenini. Raja, iliyoifunga Namungo kwa bao moja tu nyumbani kwake, ilishinda mechi zake zote za kundi na Julai ikachukua kombe kwa kuifunga JS Kabylie 2-1 mjini Cotonou. Ukuta wa Namungo ulistahimili. Mbele ndiko kulikokosa makali.

Kuna jambo moja ambalo msimamo hauonyeshi. Mechi za "nyumbani" zilichezwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400 kutoka Lindi mjini, na wengi waliona huo ni unyonge mwingine. Mimi naliona kwa jicho jingine. Chamazi inafikiwa kwa Barabara ya Kilwa, njia ile ile ambayo mabasi ya Kilwa Masoko, Lindi na Mtwara hupita kila siku. Mbagala imejaa watu wa Kusini: wauza korosho, mafundi, mama lishe, madereva, watoto waliozaliwa mjini lakini wanaojua kijiji cha babu yao kiko wapi. Wengi wao ni Simba au Yanga kindakindaki. Kwa kipindi kile kifupi walikuwa na timu ya Afrika ya kwao, na walioifuata wangeweza kwenda uwanjani kwa daladala. Waliobaki Kusini waliitazama kwenye vibanda umiza, wamebanana kwenye mabenchi mbele ya televisheni moja.

Wapo wanaohifadhi hata vipigo vyao. Huko Marekani, chuo cha Prairie View A&M cha Texas, chuo cha kihistoria cha Wamarekani Weusi, kilipoteza mechi 80 mfululizo za mpira wao wa kukimbia na mpira mkononi, tangu 1989 hadi Septemba 1998. Mechi zote hizo zimo katika kumbukumbu: tarehe, matokeo, mpinzani. Vipigo havikufutwa, na waliocheza miaka ile wanahesabika kama waliocheza. Kwetu timu ikifungwa hubaki lawama, kocha anaondoka, na baada ya miaka mitatu hakuna anayekumbuka nani alianza golini. Kusini, ambako tunalinda kwa haki magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, tunaweza pia kuhifadhi jezi, tiketi, orodha za wachezaji na sauti za wale waliokwama Luanda.

Vipigo vya Namungo vilikuwa hata na thamani ya kuhesabika. Katika viwango vya CAF timu ya mwisho kwenye kundi la Kombe la Shirikisho huipatia nchi yake nusu pointi, ambayo kwa msimu wa karibuni huzidishwa mara tano. Mzigo mkubwa ulibebwa na Simba, iliyoongoza kundi lake Ligi ya Mabingwa mwaka huo huo mbele ya Al Ahly, lakini nusu ile ya Namungo nayo imo katika hesabu. Msimu uliofuata Tanzania ikapeleka timu nne Afrika. Yanga nayo iliwahi kuwa ya mwisho katika makundi ya kombe hili, mwaka 2016 na tena 2018, kabla ya kufika fainali yake mwaka 2023. Januari 2024, Adel Amrouche aliposimamishwa katikati ya AFCON kule Ivory Coast, aliyekabidhiwa Taifa Stars alikuwa Hemed Morocco, kocha wa zile mechi sita. Namungo yenyewe ilirudi kwenye ligi, na Novemba 2021, katika Uwanja wa Ilulu mjini Lindi, ikatoka sare ya 1-1 na Yanga.