Shaba, Kitindi na Fundo: Mapambo ya Ujiji katika Msamiati wa Kiswahili



Ujiji huelezwa mara nyingi kama kituo cha mapito tu: Burton na Speke waliufikia mwaka 1858, Stanley akamkuta Livingstone huko mwaka 1871, na misafara ikavuka ziwa kuelekea Manyema. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba msamiati wa mapambo unatuonyesha historia nyingine, yaani historia ya mikono iliyoipa bidhaa umbo na thamani mpya.

Tuanze na shaba. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na Kiswahili hulitumia kwa madini zaidi ya moja. Ndiyo maana husemwa shaba nyekundu ili kubainisha. Kutoka pwani neno lilivuka ziwa pamoja na wafanyabiashara hadi Katanga, ambako Msiri, mwenye asili ya Unyamwezi, alitawala biashara ya madini hayo hadi alipouawa mwaka 1891. Lilijikita kiasi kwamba jimbo zima liliitwa Shaba kuanzia mwaka 1971 hadi 1997.

Nyaya zilizoletwa na misafara, zilizoitwa masango, zilikuwa malighafi tu. Zilizungushwa zikawa vitindi vya mkononi. Nyembamba zaidi zilisokotwa juu ya singa za mkia wa mnyama zikawa sambo za miguuni. Ufundi huo haukuanzia kwa wageni. Kusini-mashariki mwa ziwa, Wafipa walijenga kwa udongo tanuri refu liitwalo ilungu, wakayeyusha chuma, kisha mhunzi akakifua.

Neno la tatu ni fundo. Kwa mujibu wa Burton, kete kumi za ushanga zilifanya fundo moja. Sokoni Ujiji ushanga wa sofi, wenye umbo la vipande vya kiko, ulikuwa fedha ya kununulia chakula. Kwa hiyo pambo na akiba havikutenganishwa: aliyevaa alijipamba, na wakati huohuo alibeba mali yake.

Hata hivyo, haifai tuyasifu mapambo haya na kunyamazia upande wake wa pili. Bidhaa hizohizo zilitumika katika biashara iliyonunua watu, na Ujiji ulikuwa mojawapo ya vituo vyake. Fundo lililomlisha mpagazi liliweza pia kuingia katika bei ya mtumwa.

Reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, misafara ilikuwa imepoteza nafasi yake. Leo kete hufahamika zaidi katika bao, na fundo katika kamba. Kamusi inayotaja maana hizi za sasa pekee humfuta fundi, mnunuzi na aliyenunuliwa kwa pamoja. Kwa sababu hiyo, kuziandika maana za kale ni wajibu wa mwanaisimu, kama ulivyo wa mwanahistoria.