Kuishi Bila Mikono Ukambani

Kwa vizazi vingi riziki ya Ukambani, nchini Kenya, imepitia mikononi. Wanawake wa Kitui na Makueni walisuka vyondo vya katani, walilima kwa jembe na kufukua mchanga wa mito mikavu wapate maji. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, Mutisya Munge wa Wamunyu alirudi kutoka Tanganyika na ufundi wa kuchonga vinyago, ufundi ulioenea na kuwa biashara ya familia nyingi. Ndiyo maana aliyepoteza mikono yote miwili hapa alipoteza pia kazi, na mara nyingi heshima yake nyumbani.

Tiba ilianzia mbali. Mwaka 1912 Mmarekani D. W. Dorrance alisajili kulabu ya vyuma viwili, inayofunguka bega linapovuta waya wake. Kisha vita hivyo vya kwanza vikarudisha makwao maelfu ya askari waliokatwa viungo. Mwaka 1917 daktari Mjerumani Hermann Krukenberg alieleza upasuaji wa kuitenganisha mifupa miwili ya kigasha ili ifanye kazi kama koleo. Mgonjwa alishika kijiko kwa ngozi yake mwenyewe, akahisi joto na baridi, na hakuhitaji fundi wala betri. Wengi waliukataa kwa sababu ya sura yake, lakini umedumu kwa vipofu waliopoteza mikono na katika nchi zenye mafundi wachache.

Nchini Kenya, Chama cha Watu Wenye Ulemavu (APDK) kilianzishwa mwaka 1958, wakati polio ilipokuwa ikilemaza watoto wengi. Hivyo mahitaji ya miguu yalitangulia yale ya mikono. Sheria ilifuata polepole. Ile ya mwaka 2003 iliunda baraza la taifa na hazina ya watu wenye ulemavu, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, ikawapa haki ya kupata vifaa vya kuwasaidia.

Mwaka 2016 taifa lilishtuka: huko Masii, katika kaunti ya Machakos, mume alimkata mkewe mikono yote miwili kwa panga. Mchango wa wasamaria ulimletea mikono bandia ya kisasa. Huruma ile ilikuwa ya kweli, na ilistahili. Lakini maisha baada ya msiba kama huo ni ya miaka mingi, na chakula, choo na kuvaa nguo ni mambo ya kila siku.

Kwa nini basi mikono bandia mingi huishia kuwekwa kando? Wengine husema ni uzito na joto lake. Wengine hulaumu mafunzo mafupi. Yote mawili ni kweli, ila kwa mtu wa Mutomo au Kibwezi naona umbali una uzito zaidi. Mkono humtumikia mtu pale tu unapoweza kutengenezwa karibu, na mtoto anayekua huhitaji mpya mara kwa mara. Aliyekosa hayo hujifunza kutumia vigutu, meno na miguu, akitegemea subira ya mama, dada au mtoto wake, ambaye naye huacha shughuli zake.

Tangu 2013 hospitali za kaunti ziko chini ya serikali za kaunti. Kitui na Makueni ziajiri mafundi wa viungo bandia na wataalamu wa tiba kazi, na bajeti zao ziwahesabu pia jamaa wanaowahudumia nyumbani watu waliopoteza mikono.