Chambo cha Pwani ya Cabo Delgado

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia mlango wa mto Ruvuma kushuka Palma na Mocímboa da Praia, kazi ya uvuvi huanza bahari inapotoka. Siku za bamvua, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4, na mwamba uliokuwa umefunikwa huachwa wazi, mtu akapita kwa miguu. Hapo ndipo chambo huokotwa: kaa, tondo, kombe, mwani uliong'ang'ania mawe. Kazi hiyo ya kuokota, kwa sehemu kubwa, ni ya wanawake na watoto.

Chambo hupondwa kwa jiwe kisha hutiwa ndani ya dema, mtego uliosukwa kwa fito au mianzi, wenye mlango mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani. Wamwani, wenyeji wa pwani hii, huita mitego hiyo marema. Hutegwa hata kwenye maji ya kina kifupi, yanayofikika bila chombo. Vipande vya kaa na konokono hutoa majimaji yenye harufu, mkondo huyachukua, na samaki aliye upande wa chini wa mkondo huyafuata mpaka mlangoni. Kuponda ndiko kunakofanya kazi: kaa mzima hubana harufu yake ndani ya gamba.

Kila samaki na chakula chake. Tafi, ambaye Unguja huitwa tasi, ni mla majani, kwa hiyo mwani humvuta kuliko nyama. Changu hupenda kaa na wanyama wa magamba. Mvuvi anayetia vyote viwili katika dema moja anataka kuwapata wote wawili. Watafiti waliofanya kazi kisiwani Kirimba, kusini kidogo, katika miaka ya 1990 walikuta tafi na pono wa majani ya bahari wakiwa miongoni mwa samaki wakuu wa uvuvi wa Ghuba ya Montepuez.

Mtego wenyewe ni wa kale. Kitabu cha Kigiriki kiitwacho Periplus, kilichoandikwa yapata karne ya 1, kinaeleza kisiwa cha Menouthias katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako watu walifunga vikapu kwenye milango ya maji ili kunasa kasa. Huko Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton alichimba mji wa Waswahili ulioanza karne ya 8. Mifupa ya samaki ya tabaka za mwanzo, kwa sehemu kubwa, ni ya samaki wa miambani na wa maji ya karibu. Hao ni samaki wa watu waliovua karibu na nyumbani.

Kwingine duniani chambo cha kumwaga kilikuwa biashara kubwa. Wavuvi wa Bretagne, Ufaransa, katika bandari kama Douarnenez na Concarneau, kwa vizazi vingi walimwaga mayai ya chewa wa Norway baharini ili dagaa wakubwa wapande juu kuelekea nyavu. Mayai yalinunuliwa kwa mapipa kutoka ng'ambo, na mvuvi wa Kibretoni alikuwa na gharama kabla hata hajavua. Mvuvi wa Palma alichukua chambo chake bure, ufukweni mwake.

Pwani hii ilijua pia njia iliyo kinyume na hiyo: utupa, mmea unaopondwa na kumwagwa kwenye vidimbwi hata samaki wakalewa na kuelea. Chambo huita, utupa huua wakubwa kwa wadogo. Leo sheria za uvuvi za Msumbiji zinakataza sumu na baruti.

Mwaka 2010 kampuni ya Anadarko ilipata gesi asilia nyingi katika bonde la Ruvuma. Rasi ya Afungi, wilayani Palma, ikatengwa kwa ajili ya kiwanda, na watu wa vijiji kama Quitupo na Milamba wakahamishiwa Quitunda, mji mpya uliojengwa mbali na maji. Machi 2021 waasi waliuvamia mji wa Palma, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbia. Kwa hao wote, kilichopotea si mashua na nyavu tu. Kilichopotea ni mwamba wa kuokotea chambo, na mwamba hauwezi kubebwa kwenye lori.

Mashua na wavu huhesabika kwa urahisi katika orodha ya fidia. Mama aliyeokota tondo na kaa kila bamvua hana chombo cha kuonyesha, ingawa bila yeye dema hutegwa tupu. Kwa hiyo mpango wowote wa kuwarudishia watu wa Palma riziki zao uanze na njia ya wazi, salama na ya kudumu ya kufika mwambani maji yanapokupwa.